Maswali ya Wasomaji: Safari ya Lisbon Mwishoni mwa Septemba

Barua nne tulizopokea kutoka pande mbalimbali zinauliza juu ya mji mmoja, yaani Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na waandishi wake wote wanafikiria kwenda wakati joto la kiangazi cha Ulaya linapoanza kupungua. Tumeona ni vyema kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la mmoja litamfaa na mwenzake.

Swali: Mhariri, salaamu. Mimi na mke wangu tumekuwa tukidunduliza fedha ili mwakani tumchukue mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, tukautembelee mji wa Lisbon. Nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na Fort Jesus, na tangu utotoni nimesikia habari za Wareno kwa upande wetu. Sasa ningependa kuwaona kwao. Tunafikiria kwenda mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kwa muda wa wiki moja. Je, huo ni wakati mzuri? Mama ana maumivu ya magoti na hapendi baridi. Tuanze lini kushughulikia viza, na tulale sehemu gani ya mji?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Ndugu yetu, wakati mliouchagua ni mzuri, na ningekushauri mlenge wiki mbili za mwisho wa Septemba badala ya kuisogeza safari hadi katikati ya Oktoba. Mwezi wa Julai na Agosti jua la Lisbon huwa kali, mara nyingine likapita nyuzi 35 za Selsiasi, na watalii huwa wengi kiasi kwamba nusu ya siku hupotelea kwenye foleni. Mwishoni mwa Septemba joto la mchana huwa wastani wa nyuzi 26, usiku hushuka hadi karibu 17, na mvua bado ni chache. Oktoba inaposonga mbele, mvua za Atlantiki huanza kuingia, na siku mbili tatu za mvua mfululizo katika safari ya siku saba ni hasara isiyofidika. Kwa mama aliyezoea hewa ya Mombasa, nyuzi 17 zenye upepo wa mtoni ni baridi hasa, kwa hiyo mchukulieni sweta, shali nzito na soksi, hata kama mchana atavaa kama alivyozoea nyumbani. Jua wakati huo huzama karibu saa moja na nusu usiku, nanyi mtakuwa nyuma ya saa za nyumbani kwa saa mbili. Tofauti hiyo hubadilika kuwa saa tatu baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Suala la viza ndilo linalovunja safari nyingi za watu wetu, nalo linataka mapema. Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwamo, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na halipokelewi zikibaki chini ya siku 15. Kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu muda huo kurefushwa hadi siku 45. Tatizo kubwa zaidi ni nafasi za miadi, ambazo katika miezi ya kabla ya kiangazi hugombaniwa na kila anayekwenda Ulaya. Anayesafiri mwishoni mwa Septemba atafanya vyema kutafuta miadi Mei na kupeleka nyaraka zake Juni. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Kwa kuwa mama yako anasafiri kwa gharama zako, ambatisha barua inayosema hivyo waziwazi, pamoja na cheti chako cha kuzaliwa kinachoonyesha jina lake, ili anayelisoma ombi asiwe na shaka kuhusu uhusiano wenu wala kuhusu fedha zinakotoka. Msinunue tiketi za ndege zisizorudishiwa fedha kabla ya kupata viza. Uthibitisho wa nafasi iliyowekwa unatosha kwa hatua hiyo. Mfahamu pia kwamba tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zinaandikisha wageni kielektroniki kwa picha ya uso na kukagua alama za vidole wanapoingia, kwa hiyo kama mtabadilisha ndege katika mji mwingine wa Schengen, kwa mfano Amsterdam au Paris, acheni muda wa kutosha kati ya ndege mbili. Mkipitia Dubai, Doha au Istanbul, ukaguzi huo mtaukuta Lisbon kwenyewe, ambako hamna ndege nyingine ya kukimbilia; kwa ajili ya mama ningechagua njia hiyo.

Sasa mahali pa kulala. Lisbon ni mji wa vilima, na ramani haionyeshi vilima. Hoteli inayoonekana kuwa mita mia tatu kutoka kituo cha treni inaweza kuwa juu ya ngazi sabini. Wengi huvutiwa na mtaa wa Alfama kwa sababu ya vichochoro vyake, ambavyo mtu wa Mji wa Kale atavitambua mara moja, lakini sehemu kubwa ya vichochoro hivyo haipitiki kwa gari, na mwenye magoti mabovu atakuwa mfungwa wa chumba chake. Laleni Baixa, eneo tambarare lililo kati ya mto Tejo na uwanja wa Rossio, au karibu na barabara ya Avenida da Liberdade, ambayo mteremko wake ni wa taratibu na ina vituo vya treni ya chini ya ardhi. Kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi kama jengo lina lifti na kama lifti hiyo inafika ghorofa yenu, kwa maana majengo mengi ya Baixa ni ya karne ya 18 na yana ngazi za mbao zilizobana. Pamoja na bei ya chumba, mji hutoza kodi ya yuro 4 kwa kila mgeni kwa kila usiku, hadi siku saba. Kwa watu wazima watatu na wiki nzima hiyo ni yuro 84, na mara nyingi hulipwa mnapofika.

Baixa yenyewe inastahili kutazamwa, licha ya kuwa mahali pa kulala. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipokuwa makanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji huu. Mawimbi ya bahari yakafuata kupitia mdomo wa mto, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Jumba la mfalme lililokuwa ukingoni mwa mto liliangamia pamoja na maktaba yake, na nyaraka za Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, nazo zikapotea. Nadhani sisi watu wa pwani tuna sababu ya kusikitikia hasara hiyo hata leo, kwa maana sehemu ya historia yetu iliyoandikwa na wageni iliungua humo. Mji ulijengwa upya chini ya waziri ajulikanaye kama Marquês de Pombal, kwa mitaa iliyonyooka na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili tetemeko jingine. Pandeni hadi magofu ya kanisa la Carmo, lililoachwa bila paa tangu siku ile. Mama anaweza kuketi ndani yake kwenye kivuli cha nguzo huku ninyi mkizunguka.

Kuhusu mwendo: njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa ambavyo kwa miaka mingi vimesuguliwa hadi vikang'aa, na vikilowa huteleza sana. Ndala na viatu vya soli laini viacheni nyumbani. Msitegemee sana magari ya kamba yanayopanda vilima. Tarehe 3 Septemba 2025 gari la Glória lilikatika kamba na kuua watu 16, na mambo ya usafiri huo yamebadilika tangu wakati huo. Tramu namba 28, ambayo kila kitabu cha watalii huisifu, hujaa kiasi kwamba mzee hukosa mahali pa kushika, na vibaka huipenda. Kwenda juu kwenye ngome ya São Jorge tumieni basi dogo namba 737 au teksi. Maoni yangu ni kwamba si lazima mlipie kiingilio cha ngome hiyo. Wareno waliinyakua kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, jambo linaloipa uzito wake katika historia, lakini kuta nyingi mnazoziona zilijengwa upya kati ya 1938 na 1940, na mandhari ileile ya mto na mapaa mekundu inaonekana bure kutoka uwanja wa Portas do Sol, ambako kuna mabenchi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Kilwa. Nimejaliwa kupata nafasi ya kuhudhuria mafunzo nchini Ureno mwishoni mwa Septemba, na nitakuwa na siku tatu za mapumziko Lisbon. Wazee wa hapa husimulia kwamba dhahabu ya Kilwa ilipelekwa huko na bado ipo. Je, habari hiyo ni ya kweli? Na kama ni kweli, inaweza kuonekana? Ningependa pia kujua mengine yanayohusu pwani yetu, ili nirudi na kitu cha kuwafundishia wanafunzi.
*Mwalimu, Kilwa Masoko*

Jibu: Mwalimu, habari hiyo ni ya kweli, na barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge ukurasa mzima kwa mji huu. Dhahabu hiyo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye barabara iitwayo Rua das Janelas Verdes, nusu ya njia kati ya katikati ya mji na Belém, mtaa ulio magharibi kando ya mto.

Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili, mwaka 1502, akiwa na kundi la meli za kivita, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akubali kumlipa mfalme wa Ureno ushuru wa kila mwaka. Malipo ya kwanza, ambayo hutajwa kuwa mithkali 1,500 za dhahabu (mithkali ni kipimo cha kale cha uzito), aliyapeleka Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza dhahabu hiyo ifuliwe kuwa monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka ndani yake Ekaristi ili iabudiwe, na kazi ikakamilika mwaka 1506 kwa mikono ya sonara aitwaye Gil Vicente. Kinaitwa Custódia de Belém. Mitume kumi na wawili, kila mmoja amepakwa rangi ya vioo vilivyoyeyushwa, wamepiga magoti kulizunguka duara la kioo la katikati, na juu yao kumesimamishwa nguzo na matao membamba ya dhahabu. Kwenye kitako chake yamezungushwa maneno yanayosema kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Quiloa. Ndivyo Wareno walivyokuwa wakiliandika jina la Kilwa. Wezi wengi wa historia hawakutuandikia risiti. Huyu ameiandika, tena kwa herufi za dhahabu, na mwalimu wa Kilwa ana haki ya kusimama mbele ya kabati hilo la kioo kwa muda wote anaoutaka.

Nenda ukiwa umejiandaa kuwaeleza wanafunzi wako sehemu ambazo kibao cha makumbusho hakina nafasi ya kuzieleza. Dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuidhibiti njia hiyo, utajiri uliojenga jumba la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Na ushuru ule haukuinunulia Kilwa amani, kwani Julai 1505 Francisco de Almeida, mkuu wa kundi jingine la meli za Wareno, alitua na askari wake, mji ukaporwa, Amiri Ibrahim akakimbia, na ngome ikajengwa. Mwezi uliofuata Mombasa nayo iliporwa na kuchomwa moto. Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa mwaka 1512. Kwa hiyo chombo kile kilikamilika mwaka mmoja tu baada ya mji uliotoa dhahabu yake kuvunjwa.

Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa siku ya Jumatatu, hili likiwamo, na pia jumba la watawa la Jerónimos kule Belém. Panga siku zako tatu ukilijua hilo, usije ukapoteza moja mbele ya mlango uliofungwa. Kabla ya kwenda, angalia katika tovuti rasmi kama sehemu unayoitaka iko wazi, kwa kuwa majengo haya ya kale hufanyiwa ukarabati mara kwa mara, hasa watalii wanapopungua.

Siku ya Belém, uwe mlangoni mwa Jerónimos kabla hakujafunguliwa, na tiketi uwe umeinunua mapema. Ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa asilimia tano ya kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki, kwa hiyo bahari yetu imo ndani ya yale mawe. Ndani ya kanisa, upande wa kushoto unapoingia, kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa hapa mwishoni mwa karne ya 19.

Katika jengo hilohilo, upande wa magharibi, kuna makumbusho ya wanamaji, ambayo watalii wengi huyapita wakikimbilia mnara wa Belém. Usiyapite. Humo mna sanamu ndogo ya mbao ya malaika Rafaeli inayosemekana kuwa ilisafiri katika meli ya São Rafael. Meli hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za Vasco da Gama zilizofika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Katika safari ya kurudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu, na Januari 1499 São Rafael ikateketezwa kwenye miamba karibu na Mtang'ata, kusini ya Tanga. Meli imebaki majivu katika maji ya Tanga na malaika wake yuko Belém; sidhani kama kuna somo la historia litakalowakaa wanafunzi wa pwani kuliko hilo. Lile jengo kubwa la ukumbusho lililoko ukingoni mwa mto, liitwalo Padrão dos Descobrimentos, lenye sanamu za mabaharia waliojipanga kama watu wanaopanda meli, lilijengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960, wakati wa utawala wa kidikteta uliokuwa bado umeng'ang'ania makoloni. Litazame kutoka nje kisha uendelee na safari yako.

Siku ya tatu, tembea kwa miguu kuwatafuta Waafrika wa mji wenyewe. Katikati ya karne ya 16, katika kila wakazi kumi wa Lisbon karibu mmoja alikuwa mtumwa, na wengi wao walitoka Afrika. Kanisa la São Domingos, karibu na Rossio, lilikuwa na udugu wa waumini weusi wa Mama Yetu wa Rozari, ambao ulitetea wanachama wake na hata kuchangia kuwakomboa. Kanisa hilo liliungua mwaka 1959, na ndani nguzo zake bado zina makovu ya moto. Uwanja ulio mbele yake hadi leo ni mahali ambapo Waafrika hukutana mchana, hasa watu wa Guinea-Bissau, wakizungumza na kuuza karanga na kola. Kutoka hapo, ukielekea magharibi, utafika barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, yaani barabara ya shimo la watu weusi; mwaka 1515 mfalme Manuel, yuleyule aliyeagiza monstransi, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, ambazo zilikuwa zikiachwa ovyo. Ningekuomba uzione sehemu hizi mbili, monstransi na barabara hii, ndani ya siku moja.

Swali: Sisi ni familia ya asili ya Unguja tunaoishi Muscat. Tunakusudia kwenda Lisbon na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Tunaogopa suala la chakula, kwa sababu tumesikia nguruwe huko hutiwa katika kila kitu. Je, kuna misikiti? Na watoto watafanya nini katika mji wa makanisa na makaburi?
*Mama wa watoto watatu, Muscat*

Jibu: Dada, hofu yako ina msingi lakini isikuzuie. Wareno ni walaji wakubwa wa samaki, na samaki wa kuchoma kwa chumvi na mafuta ya zeituni anapatikana karibu kila mkahawa. Sardini bado ni wanono Septemba. Bakalau, samaki wao wa chumvi aliyekaushwa, hatawashangaza watoto waliowahi kula ng'onda. Tahadhari iwe kwenye vitu visivyoonekana. Supu ya majani inayofanana na sukuma wiki, iitwayo caldo verde, huwekewa vipande vya soseji ya nguruwe; maharage hupikwa nayo; chaza huweza kupikwa kwa mvinyo mweupe; na soseji iitwayo alheira, ambayo kwa asili ilitengenezwa na Wayahudi bila nguruwe, siku hizi mara nyingi huwa naye. Hata vitamutamu ulizeni: toucinho do céu kiasili hutiwa mafuta ya nguruwe. Jifunzeni kusema "sem porco", bila nguruwe, na mseme kabla ya kuagiza. Mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani bila kuombwa hulipiwa mkivila. Msipovitaka, mwambieni mhudumu avirudishe.

Nyama ya halali mtaipata bila shida katika mtaa wa Mouraria, pande za Martim Moniz, ambako kuna wachinjaji na mikahawa ya watu wa Bangladesh, Pakistan na India. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985 karibu na Praça de Espanha, ulijengwa kwa juhudi za Waislamu ambao wengi wao walitoka Msumbiji, na Ijumaa mtakutana humo na familia ambazo wazazi wao walizaliwa Maputo, Nampula au kisiwa cha Msumbiji. Kwa sababu yao, na kwa sababu ya watu wa Goa, sambusa zinauzwa Lisbon kama kitafunwa cha kawaida. Ila hizo nazo ulizeni nyama yake kabla ya kuzila. Mkipata mkahawa wa Kimsumbiji, agizeni mchuzi wa kaa au wa kamba wenye tui la nazi. Nadhani mzee yeyote wa Unguja atautambua.

Watoto wapelekeni Parque das Nações, eneo tambarare kando ya mto lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1998. Hapo kuna Oceanário, jumba la samaki ambalo tangi lake kuu lina maji takriban lita milioni tano, na papa na taa huogelea mbele ya macho yenu. Tengeni asubuhi nzima ya siku ya kazi, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili wenyeji hujaa. Baada ya hapo wanaweza kukimbia bila kuhofia magari. Kodi ya mji haiwahusu watoto walio chini ya miaka 13. Na kwa kuwa wanakua Muscat, waonyesheni mnara wa Belém kisha muwakumbushe Jalali na Mirani, zile ngome mbili za Muscat. Wareno waliiteka Muscat mwaka 1507, wakatolewa mwaka 1650, na kizazi kilichofuata cha Waomani ndicho kilichoizingira Fort Jesus tangu 1696 hadi ilipoanguka mwaka 1698. Watoto hupenda ngome kuliko makanisa, na hizi zote ni za kisa kimoja.

Swali: Ninasoma Hamburg na nimepata tiketi ya bei nafuu ya kwenda Lisbon kwa siku mbili mwanzoni mwa Oktoba. Fedha zangu ni chache. Nifanye nini nisichoweza kukikosa, na je, bahari inaogeleka?
*Mwanafunzi, Hamburg*

Jibu: Bahari inaogeleka kwa mwenye moyo. Maji ya Atlantiki hapo huwa na joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi, na kwa aliyejifunzia kuogelea Tanga au Malindi hiyo ni baridi ya kutosha. Treni ya kwenda Cascais huondoka kituo cha Cais do Sodré na kufika kwa takriban dakika 40, ikifuata ukingo wa maji karibu njia yote. Kaa upande wa kushoto. Kutoka kituo hichohicho chukua kivuko cha kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto, safari ya dakika kumi hivi kwa nauli ya wananchi, na utauona mji mzima kwa bei ndogo kuliko chombo chochote cha watalii. Nunua kadi moja ya nauli uijaze fedha kidogo kidogo. Inafanya kazi kwenye treni, basi, tramu na kivuko. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji na una treni ya chini ya ardhi, kwa hiyo teksi huihitaji. Kula chakula chako kikubwa mchana, uagize kile kilichoandikwa prato do dia, yaani chakula cha siku, kwa sababu usiku sahani ileile huwa ghali zaidi.

Asubuhi moja itoe kwa ile monstransi ya Kilwa. Sintra, mji ulio nje ya Lisbon, pamoja na majumba yake, usijaribu kuiingiza katika siku mbili. Treni na foleni za huko zitakula siku nzima, na tiketi ya jumba la Pena huuzwa kwa saa maalumu ambayo ukichelewa haikusubiri.